Simba Asiyeuma Anatafuta Kwake

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana ya usemi huo inafahamika na kila aliyelelewa vyema. Mtu hawi mwenyeji kwa kupewa chakula na mahali pa kulala tu. Huwa mwenyeji siku anapopewa sehemu yake katika shughuli za nyumba, akaitwa kwa jina lake, na akahesabiwa pamoja na wenye nyumba. Makala haya yanamhusu mgeni wa namna ya pekee, asiye na ulimi wa kujiombea wala barua ya kumtambulisha. Ni mbwa. Amekwisha kukaribishwa katika nyumba mbili za mjini Kampala, na katika zote mbili hakuifikia siku ya jembe.

Wahudumu wa makao ya wanyama anakotunzwa humwita Simba. Jina hilo alipewa kwa sababu ya umbo lake, maana akisimama mgongo wake hufika kiunoni mwa mtoto wa darasa la 3, na uzito wake ni kilo 38. Rangi yake ni ya udongo wa kichuguu, na mdomo wake ni mweusi kama aliyetoka kuonja masizi ya chungu. Sikio moja husimama, la pili hulala. Ni chotara: upande mmoja ni mbwa wa kienyeji wa Uganda, mwenye miguu mirefu na kifua chembamba, upande wa pili, kwa kadiri macho yanavyoweza kupima, ni mbwa wa jamii ile ya Kijerumani ambayo watu wengi huiita mbwa wa polisi.

Lakini kama angepewa jina kwa kuangaliwa tabia yake, angeitwa Kondoo. Mtoto akimshika sikio, hutulia. Paka akilikaribia bakuli lake, husogea kando na kungoja. Mtu akikaa naye kwa muda, humwegemea mguuni kwa uzito wake wote, kama mzee aliyepata nguzo baada ya mwendo mrefu. Shingoni ana kovu la mviringo, mahali ambapo manyoya hayakuota tena. Asiyejua habari zake hudhani kwamba ni alama aliyozaliwa nayo.

NYUMBA MBILI ZA KWANZA

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja. Huyu alitaka mlinzi, akamchagua Simba kwa ukubwa wake bila ya kuuliza neno lingine. Mchana alimfunga kwa waya kwenye mwembe, na usiku alimfungulia uani, akitumaini kwamba kufungwa kutwa kungemtia ukali. Miezi ikapita. Wageni walipobisha hodi, Simba alibweka mara 2 au 3 kwa sauti nzito. Kisha, lango lilipofunguliwa, aliwapokea kwa mkia. Mwenye nyumba akalalamika kwamba amepewa mbwa mbovu. Akamrudisha, waya ukiwa umekwisha kuingia katika ngozi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya mtumishi mmoja aliyependa wanyama, na watoto wake walimpenda Simba kwa dhati. Huko hakufungwa wala hakupigwa. Lakini siku moja ilikuja barua ya uhamisho. Lori likapakiwa vitanda, masanduku na magunia, na ilipofika zamu ya mbwa ikaonekana kwamba hakuna aliyemfikiria. Akaachiwa jirani kwa maneno ya haraka ya pale langoni: "Jirani, tutunzie kidogo tu, tutatuma mtu." Mtu hakutumwa. Jirani hakuwa na ua wala unga wa ziada. Baada ya majuma machache Simba alionekana kando ya barabara ya Jinja, akitazama ndani ya kila lori lililopunguza mwendo.

Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mkali, na wa pili alikuwa mpole. Lakini kwa mbwa matokeo yalikuwa yale yale. Wote wawili walimchukua kabla ya kujiuliza maswali mawili ambayo hapana budi kila familia ijiulize. La kwanza: mbwa huyu ni wa namna gani? La pili: nasi tutakuwa naye mpaka lini?

JE, MBWA MPOLE AWEZA KULINDA?

Wasomaji walio katika kazi ya ulinzi wanaweza kulijibu swali hili kuliko watu wengine. Huko Nagalama, katika wilaya ya Mukono, Polisi ya Uganda ina kituo cha kikosi chake cha mbwa. Mbwa wa kunusa hupelekwa mahali palipofanyika uhalifu, akapewa harufu, akaifuata kupita mashamba na vichochoro. Kazi hiyo haimfai mbwa mwenye hasira, kwa maana mwenye hasira hushughulika na kila anayepita, akaisahau harufu aliyotumwa kuifuata. Kinachotakiwa ni utulivu, usikivu, na imani kati yake na askari anayemwongoza. Ndivyo ilivyo kwa askari mwenyewe: yule anayefyatua risasi kwa kila kishindo haitwi shujaa, bali huonwa kuwa ni hatari kwa kikosi chake.

Nyumbani mambo hayako mbali na hayo. Mwizi anayerukia ua usiku hana nafasi ya kuchunguza tabia za mbwa. Anachosikia ni sauti nzito, na anachokiona ni kivuli kikubwa. Sauti hiyo huwaamsha wenye nyumba na majirani, na hapo sehemu kubwa ya kazi ya mbwa imekwisha kufanyika. Wanaomtaka mbwa wa kuuma wajiulize kwanza atamwuma nani. Katika mwaka mzima mwizi huenda asije hata mara moja. Lakini kila siku huja mtoto wa jirani anayeomba chumvi, kijana anayeleta maji, mama mkwe aliyesafiri kwa basi kutoka kijijini, na fundi wa umeme. Hao ndio watakaoyakuta meno.

Tena ukali mwingi wa mbwa hutengenezwa na binadamu. Mbwa anayefungwa kutwa hawezi kukimbia kitu kinachomtisha. Kwa hiyo hubakiwa na silaha moja tu, nayo ni meno. Methali isemayo kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia ina hekima yake, kwani mnyama huyu hujifunza kwa kumtazama bwana wake. Nyumba yenye makelele na mapigo itapata mbwa wa namna hiyo hiyo. Ikiwa ni lazima mbwa afungwe kwa muda, na afungwe kwa kamba ndefu, kivulini, karibu na maji, huku amevishwa ukanda mpana wa ngozi ambao vidole viwili vinaweza kupita kati yake na shingo. Waya haufai kwa shingo ya kiumbe chochote.

MAJIRANI, DINI NA DESTURI

Uhusiano wa watu na mbwa katika nchi hii ni wa kale, tena una sura nyingi. Katika Buganda umo ukoo ambao mwiko wake ni mbwa, na wenye ukoo huo hulitaja jina hilo kwa fahari. Wawindaji wa zamani katika sehemu hizi waliwavisha mbwa njuga ili wajue walipo katikati ya nyasi ndefu. Kwa upande mwingine, wapo watu wengi ambao mbwa kwao ni mnyama wa kukaa mbali na chombo, mkeka na nguo ya sala. Waswahili walionya kwamba ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini.

Jambo hili lataka adabu, hasa katika kambi na nyumba za serikali, ambamo familia za dini na makabila mbalimbali hutumia ua mmoja na bomba moja. Katika mafundisho ya Kiislamu mate ya mbwa ni najisi. Hata hivyo kumfuga kwa ajili ya ulinzi, uwindaji au uchungaji wa mifugo kunaruhusiwa. Familia itakayomchukua mbwa mkubwa na iwaone majirani zake kabla ya mnyama kufika, wala si baada ya ugomvi kutokea. Bakuli lake liwe lake peke yake, lisioshwe kwenye bomba la wote. Njia anayopita jirani kwenda kusali iachwe wazi. Kinyesi kizolewe kila asubuhi na kufukiwa. Mbwa ambaye majirani walitaarifiwa habari zake hupata ulinzi wao. Yule aliyeletwa kwa siri hupata mawe.

AFYA YA MBWA NA YA WATOTO

Hakuna mama atakayekubali mbwa nyumbani bila ya kuuliza habari za kichaa cha mbwa, na anayo haki ya kuuliza. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kutokea kwa mgonjwa, matumaini ya kupona karibu yamekwisha. Lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa, na dawa ya kuuzuia imejulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, siku ambayo mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alianza kumchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa.

Kwa hiyo kila nyumba na ishike mambo matatu. Kwanza, mbwa achanjwe akifikisha umri wa miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Cheti chake kihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine muhimu za nyumba. Pili, mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Wala pasiwe na kungojea kuona kama mbwa atakufa. Tatu, watoto wafundishwe kutomsumbua mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, hata kama mbwa huyo ni mpole kama Simba. Upole wa mnyama si ruhusa ya kumchokoza.

Katika miji mingi, desturi ya zamani ilikuwa kuwatilia sumu mbwa wanaozurura kila hofu ya kichaa ilipozuka. Wataalamu wa afya duniani wamekwisha kuonyesha kwamba njia hiyo haiukomeshi ugonjwa, kwa sababu nafasi za waliouawa hujazwa upesi na mbwa wengine wasiochanjwa. Kinachoukata mnyororo wa maambukizo ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa mmoja aliyechanjwa na kutulia nyumbani huwa, kwa namna hiyo, ni sehemu ya kinga ya mtaa mzima. Simba amekwisha kuchanjwa. Vilevile amehasiwa, na hivyo hataacha ua kwenda kutafuta majike usiku, wala hataongeza watoto ambao hawatakuwa na pa kwenda.

CHAKULA NA GHARAMA

Baba wa nyumba atauliza, na ni haki yake pia: atakula nini? Mbwa wa kilo 38 asiyefanya kazi nzito hutosheka kwa siku moja na kiasi cha theluthi moja ya kilo ya unga wa posho uliopikwa, pamoja na konzi moja kubwa ya mukene waliooshwa wakaondolewa mchanga. Kwa mwezi ni unga wa kilo 10 hivi na mukene wa kilo 3. Utumbo na mapafu ya ng'ombe kutoka kwa mwuza nyama vinaweza kushika nafasi ya mukene, vikisha kupikwa vizuri. Posho peke yake haifai. Itamjaza tumbo, lakini itamwacha dhaifu na mwenye manyoya yanayong'oka. Chumvi, vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa visiwekwe katika bakuli lake, kwani vitunguu huharibu damu ya mbwa, na mifupa hiyo hupasuka vipande vyenye ncha.

Ziko na gharama nyingine: chanjo, dawa ya minyoo, na dawa ya kupe, ambao katika hali ya hewa ya Kampala hawana msimu wa kupumzika. Familia ambayo mshahara wake humalizika kabla ya tarehe 20 na itafakari sana. Hakuna aibu katika kutafakari. Vivyo hivyo kwa askari anayeishi na mke na watoto 4 katika chumba kimoja cha mabati: mbwa wa ukubwa huu atateseka, na watoto watakosa nafasi. Mtu huyo anaweza kuwa na moyo mwema kuliko wote, na bado nyumba yake isimfae Simba.

NENO KUTOKA GULU

Wapo watakaosema kwamba katika nchi yenye yatima na wagonjwa wengi, kumhangaikia mbwa ni anasa. Hoja hiyo ina uzito wake, na jibu lake linapatikana kaskazini mwa Uganda.

Kwa kiasi cha miaka 20, watu wa Acholi na majirani zao waliishi katika vita baina ya serikali na kundi la Lord's Resistance Army lililoongozwa na Joseph Kony. Zaidi ya watu milioni 1.5 waliishi kambini, mbali na mashamba yao, hadi mapatano ya kusimamisha mapigano yalipotiwa sahihi mjini Juba mwezi Agosti 2006. Bunduki zilinyamaza huko, lakini watu wengi walirudi vijijini wakiwa na usiku usiokuwa na usingizi, na hofu isiyokuwa na jina.

Miongoni mwa watoto wa vita hivyo alikuwamo Francis Okello Oloya. Akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa akilima shamba la familia yake, na jembe likagonga bomu lililofukiwa ardhini. Alipoteza macho. Baadaye, katika shule ya bweni, alitaabika usiku kila alipohitaji kwenda chooni, kwa maana ilimbidi amwamshe mwenzake ampeleke. Mbwa waliokuwa wakizunguka mahali hapo ndio walioanza kumsindikiza, na akagundua kwamba kando yao hofu ilipungua. Alipokuwa mtu mzima na kusomea elimu ya nafsi, alianzisha Gulu, katikati ya miaka ya 2010, mradi uitwao The Comfort Dog Project, chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Mbwa wasiokuwa na wenyewe hukusanywa, hutibiwa, huchanjwa na kufungwa uzazi. Kisha huunganishwa na watu walioumizwa nafsi na vita, na kila mtu na mbwa wake hujifunza pamoja kwa miezi kadhaa. Watu waliokuwa wamejitenga na wenzao hulazimika kuamka, kutoka nje, kumlisha mnyama na kutembea naye. Waliokwisha kufuzu huenda kuwafundisha wengine namna ya kuwatunza wanyama bila ukatili.

Yafaa ikumbukwe kwamba mbwa hao hawakuagizwa kutoka Ulaya. Ni mbwa wa kienyeji, wale wale wanaofukuzwa kwa mawe sokoni. Mbwa hachukui nafasi ya daktari wala ya mshauri. Lakini nyumba za askari na polisi zinajua jinsi baba anavyoweza kurudi kutoka kazini akiwa na mambo asiyoweza kuyasimulia. Mnyama anayemwegemea mguuni bila kumwuliza swali si anasa katika nyumba kama hiyo.

MPAKA LINI?

Hapa ndipo penye fundo la habari yote. Mbwa mkubwa huishi, kwa kawaida, miaka 8 hadi 12. Kwa kutazamwa meno, Simba ana umri wa miaka 4 hivi. Anayemchukua leo, mtoto wake akiwa darasa la 1, huenda mtoto huyo akaingia sekondari Simba akiwa bado analala mlangoni. Katika muda huo askari anaweza kuhamishwa mara 2 au 3, kutoka Kampala hadi Arua, kutoka Arua hadi Mbarara.

Mama mmoja, mke wa koplo wa polisi aishiye Nsambya, alifika kumtazama Simba. Alikaa naye karibu saa nzima, na Simba akamwegemea kama ilivyo kawaida yake.

"Mama, naona umempenda," mhudumu kijana alimwambia.

"Kumpenda nimempenda, mwanangu," alijibu. "Lakini baba watoto ni askari. Leo tupo Nsambya, kesho twaweza kuwa Moroto. Kwanza nizungumze naye, naye amwombe ruhusa afande wake. Kisha nimwone Hajati, jirani yangu, maana bomba letu ni moja. Nikirudi nitakuwa na jibu. Nisiporudi, usinihesabu."

"Wengi husema ndiyo hapo hapo, mama."

"Ndiyo ya hapo hapo ndiyo iliyomrudisha hapa," alisema mama yule, akajifunga kanga yake vizuri, akaenda zake.

Katika maneno hayo machache mna mafunzo yote. Familia inayotazamia uhamisho inaweza kumpa mbwa makao ya kudumu, ilimradi jibu la siku ya lori liwe limetolewa mapema. Majibu yanayofaa ni matatu. La kwanza, atasafiri nasi: basi cheti cha chanjo kiwe tayari, ofisi ya daktari wa mifugo ya wilaya iulizwe mapema juu ya vibali, na nafasi yake ndani ya lori ihesabiwe kama inavyohesabiwa nafasi ya kitanda. La pili, atakwenda kwa ndugu fulani: ndugu huyo awe amekwisha kumwona mbwa na kukubali kwa kinywa chake mwenyewe. La tatu, atarudishwa makaoni kwa mkono wetu wenyewe: jambo hili ni zito, lakini lina heshima kuliko kumwacha kwa jirani ambaye hakuulizwa.

Siku zake za mwanzo nazo zinataka subira. Wazoefu husema kwamba mbwa aliyeokolewa huhitaji siku 3 kuacha kutetemeka, wiki 3 kuzoea taratibu za nyumba, na miezi 3 kuamini kwamba amefika kwake. Katika siku 3 za kwanza huenda asile vizuri, akajificha, au akalia usiku. Asiadhibiwe. Alishwe saa zile zile kila siku, alale mahali pale pale, na wageni wasiitwe kuja kumtazama.

Amri anazofundishwa ziwe chache, na ziwe za lugha moja. Katika nyumba nyingi za kambini baba ana lugha yake, mama ana yake, na watoto wamekwisha kuchukua Kiganda cha mtaani. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Basi na iwe "njoo," "keti," "ngoja," na "acha," zikitamkwa na kila mtu kwa namna moja, kuanzia baba hadi mtoto mdogo. Mbwa aliyefundishwa hivyo hatapotea lugha akihamia Arua wala akihamia Mbarara.

Kisha apewe jembe lake. Kazi zake ni nyepesi, lakini ni zake: kulala mlangoni, kubweka anaposikia hatua asizozijua, na kuwasindikiza watoto jioni. Mbwa mkubwa mpole aliyepewa kazi na jina hujua zamu yake kama mlinzi mwema anavyoijua.

Mjini Kampala Chama cha Kulinda na Kutunza Wanyama cha Uganda, kijulikanacho kwa kifupi kama USPCA, kilianzishwa mwaka 1996, na kwa miaka mingi kimeyaendesha makao ya mbwa na paka waliookotwa, wakatibiwa na kutafutiwa wenyeji. Wazo la makao ya namna hiyo si geni. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua nyumba mjini London, akaiita Makao ya Muda ya Mbwa Waliopotea na Wenye Njaa. Tangu mwanzo alisema kwamba ni makao ya muda. Hata yakiwa safi na yenye wahudumu wema, makao ya pamoja hayawezi kumpa mnyama mmoja mtu wake mmoja, na kila nafasi inayokaliwa kwa miaka ni nafasi inayokosekana kwa aliye barabarani.

Mama wa Nsambya bado hajarudi. Pengine anazungumza na mumewe. Pengine Hajati hajaafiki. Pengine jibu limekuwa hapana. Ikiwa ni hapana, ametenda haki, na Simba hakudhulumiwa neno. Hapana inayosemwa leo kwa uaminifu ina huruma kuliko ndiyo itakayovunjwa siku ya kupakia lori.

Lakini wapo pia, katika kambi na mitaa ya Kampala, wenye ua uliozungushiwa uzio, wenye unga wa kutosha, wenye watoto waliofunzwa adabu, na wenye neno lisilogeuka. Hao na waende wakaketi naye saa nzima, kama alivyofanya mama yule. Wajiulize yale maswali mawili wakiwa mume, mke na watoto pamoja. Wakiona kwamba majibu wanayo, na wamchukue. Watakuwa wamepata mlinzi asiyemwuma mama mkwe, na watoto wao watajifunza, bila ya kufundishwa kwa fimbo, kwamba aliyekaribishwa nyumbani haachwi njiani.